Kitu Kipya na Kitu Kinachofungua Njia

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

  Tunajua wengine wenu mlitoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika, na kuna ng'ombe wanaongoja kukamuliwa jioni, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Neno la leo limeletwa na kikundi kimoja cha upande wa bondeni. Hatutakitaja jina, ingawa tunawaona wameketi pale wakiangaliana. Wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka sita, mpaka wakafika Sh. 180,000. Mwezi uliopita akaja kijana wa kuuza mashine, na shati lake jeupe, akawaonyesha mashine ya kutotolea vifaranga inayotumia umeme wa jua. Mayai mengi mara moja, siku 21, bila kuku wa kulalia. Akawaambia, akina mama, haya ni mapinduzi ya ufugaji. Nusu ya kikundi wakasema tununue leo leo. Nusu wakasema hapana. Wanachama wanne wakaomba warudishiwe hisa zao watoke. Kikundi cha miaka sita kinataka kuvunjika kwa ajili ya neno moja, mapinduzi.

Neno hilo sote tumelisikia. Mbolea mpya ni mapinduzi, sabuni mpya ni mapinduzi, simu mpya ni mapinduzi. Hata sisi wa kazi ya maendeleo tumelitumia vibaya, na afadhali tuanze na kosa letu kabla ya kumsema kijana wa watu.

Miaka ile tulipoanza kazi tulitumwa vijijini kueneza jiko la makaa lenye udongo ndani. Mnalijua, liko katika kila nyumba ya sokoni. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, joto linatoka pande zote, na ukilisogeza kwa mguu linakuchoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi hapa Kenya walichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand, wakaligeuza polepole mpaka likapata umbo lile la kiuno chembamba, bati kwa nje na kigae cha udongo kwa ndani. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakalishika, na leo linatengenezwa mahali pengi. Kigae kinashika joto, na makaa yanapungua kwa theluthi moja, pengine hata nusu, kulingana na mpishi.

Tulipolipeleka tuliwaambia akina mama, maisha yenu yatabadilika. Mwaka mmojo baadaye tulirudi nyumba moja, na mama akatuambia hivi: "Mwalimu, gunia lililokuwa likiisha kwa mwezi sasa linakwenda mwezi na nusu. Nashukuru. Lakini gunia bado ni la kununua, na bei imepanda." Hakutulaumu. Alikuwa anatupa hesabu tu. Tulirudi ofisini tumenyamaza.

Sasa msielewe vibaya, hatulidharau hilo jiko. Theluthi ya makaa katika nyumba nyingi ni miti mingi iliyobaki imesimama, na ni pesa za daftari za watoto. Lakini angalieni kwa nini lilienea kwa urahisi. Mama hakuambiwa abadilishe kitu. Sufuria ni ileile, makaa ni yaleyale, muuzaji ni yuleyule, ugali unasongwa kama jana. Jiko liliingia katika mwenendo uliokuwepo likaufanya uwe nafuu zaidi. Huku ndiko kuboresha. Kuboresha kunahesabika. Unaweza kukaa na mume wako jioni mkapiga hesabu, tulikuwa tukitumia hivi, sasa tunatumia hivi, jiko litajilipa baada ya miezi kadhaa. Sisi tunaona kwamba miradi mingi ya vikundi inapaswa kuwa ya namna hii, na hakuna aibu yoyote. Aibu ilikuwa yetu sisi, kuliita jina lisilokuwa lake.

Basi kitu kinachofungua njia ni kipi? Wengi hudhani ni kile chenye nguvu zaidi, chenye waya mwingi, kilichotoka mbali. Hebu tuangalie kitu chenye nguvu kidogo kabisa: maji, chumvi na sukari.

Wazee hapa wanakumbuka kuhara kulikuwa nini. Mtoto akihara na kutapika siku mbili, macho yakiingia ndani, safari ilikuwa ni ya hospitali kutiwa maji ya mshipa, na kama hospitali ni mbali, wengi hawakufika. Maji ya mshipa ni dawa nzuri, mpaka leo yanaokoa walio mahututi. Lakini yanataka sindano safi, chupa, kitanda, na mtu aliyesoma.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita ya Bangladesh, na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kikaingia kwa wakimbizi. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walikuta wagonjwa wamelala sakafuni na akiba ya maji ya mshipa inakwisha. Wataalamu walikuwa wameshagundua katika miaka ya 1960 kwamba sukari huisaidia chumvi kupita ukuta wa utumbo kuingia mwilini, na maji huifuata, hata wakati mtu anahara. Daktari akachanganya chumvi na sukari katika maji kwenye madumu, na wanaonywesha wakawa ndugu za wagonjwa wenyewe, mama, dada, jirani. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 kati ya 100 walikuwa wakifa. Wakashuka wakawa chini ya 4.

Tazameni vizuri hapo. Yale maji ya kunywa hayakuwa na nguvu kuliko ya mshipa. Yalifanya kazi ileile, na kwa wagonjwa wengine wasioweza kunywa hayakutosha. Kilichobadilika ni nani anaweza kuifanya kazi, na wapi. Kazi ilitoka mikononi mwa daktari ikaingia mikononi mwa mama, ikatoka wodini ikaja jikoni. Umbali wa hospitali, ambao ndio uliokuwa ukiwaua watoto, ukapungua nguvu. Kama mtu angetengeneza chupa bora zaidi ya maji ya mshipa, au sindano kali zaidi, hiyo ingekuwa kuboresha, na mtoto wa kijiji cha mbali angekufa vilevile.

Lakini ugunduzi haukujitembeza wenyewe. Kule Bangladesh, tangu 1980, shirika la BRAC lilipeleka walimu wanawake nyumba hadi nyumba kwa miaka kumi hivi, nyumba zaidi ya milioni 12, wakiwafundisha akina mama kupima chumvi kwa vidole na sukari guru kwa konzi. Na mwalimu alilipwa kulingana na jinsi akina mama walivyokumbuka baada ya yeye kuondoka. Sisi wa semina tungelipwa hivyo, sijui nani angekula!

(Kwa kuwa tumetaja, turudie kipimo, maana kuna wanaokosea: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari. Pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, pamoja na vidonge vya zinki. Na mtoto akilegea au akishindwa kunywa, mpelekeni zahanati, msingoje.)

Sasa tuje nyumbani, kwa kitu mnachobeba mfukoni. Vijana hawaamini, lakini wazazi mnajua pesa zilivyokuwa zikitoka Nairobi kuja hapa. Mani oda ya posta, upange foleni. Au bahasha kwa dereva wa basi, na moyo juu juu. Au mwenyewe kupanda gari na noti ndani ya soksi. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio Nairobi na Thika, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, na nia yao haikuwa hii mnayoijua. Nia ilikuwa wakopaji wa shirika la mikopo wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu. Kumbe watu waliopewa kujaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, mume kwa mke, mfanyabiashara kwa mwenzake. Waanzilishi wakawa na akili ya kuangalia watu wanafanya nini badala ya kung'ang'ania mpango wao wa karatasi, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Simu yenyewe ilikuwa imeshakuwepo. Ujumbe mfupi ulikuwepo. Duka la kijiji lilikuwepo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha ajabu. Lakini viliposhikana, kizuizi kikaondoka: kwamba mtu wa kijijini hawezi kuweka wala kupokea pesa mpaka aende mahali palipo na benki. Watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliziondoa katika umaskini nyumba kama 194,000 hapa Kenya, yaani asilimia 2, na wanawake kama 185,000 wakahama kutoka kilimo cha kujilisha wakaingia biashara. Na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa nyumba zinazoongozwa na wanawake. Ni kwa nini? Sehemu kubwa ni kwa kuwa shida ikiingia, ndugu wa mbali anaweza kusaidia siku ileile, hulazimiki kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo, na moja si tamu. Kwanza, waliokitengeneza hawakujua wametengeneza nini, wenye kutumia ndio waliowaonyesha. Pili, mlango ukifunguliwa huingia kila mtu. Wameingia na wale vijana wa "nimetuma pesa kwako kimakosa," na mikopo ya usiku wa manane ambayo waume na wake wanafichana. Kitu kinachofungua njia hakichagui atakayepita.

Mahindi ya haibridi tuyataje kwa ufupi, maana wengine wameuliza asubuhi. Kituo cha Kitale kilitoa mbegu ya H611 mwaka 1964, kwa kuchanganya mbegu ya hapa na mahindi ya Ecuador, na ilizidi mbegu bora ya wakati huo kwa asilimia 40 hivi. Hayo yalikuwa makubwa kweli. Shamba lilelile, jembe lilelile, gunia zaidi. Lakini mzee aliyezoea kuchagua gunzi zuri na kulitundika juu ya moshi kwa msimu ujao aliambiwa mbegu hiyo hairudiwi, kila mwaka nunua. Njaa ilipungua, na ufunguo wa ghala la mbegu ukahama kutoka jikoni ukaenda dukani. Hatusemi ilikuwa vibaya. Tunasema kila mnapoletewa kitu kikubwa ulizeni, ufunguo atakaa nao nani?

Sasa wenzetu wa upande wa ziwa wanajua zaidi yetu jambo hili la mwisho, na watatusahihisha. Kuna gugu linaloitwa kiduha, Wajaluo wanasema kayongo. Lina ua zuri la zambarau, na mkulima akiliona moyo unamshuka, maana likionekana juu ya ardhi kazi imeshaisha chini. Linashika mizizi ya mahindi likinyonya. Mmea mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinakaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi. Watu wameling'oa kwa mikono miaka na miaka. Kuling'oa vizuri zaidi, mapema zaidi, na watu wengi zaidi, huko kote ni kuboresha, na gugu linarudi.

Kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kule Mbita, kilikuwa kikishughulikia jambo lingine kabisa: viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Katika miaka ya 1990 Daktari Zeyaur Khan na wenzake, pamoja na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta mimea inayowafukuza nondo na mimea inayowavuta. Wakapanda nepia kuzunguka shamba, nondo akapenda kutaga huko, na viwavi wengi wakanaswa na utomvu wake wakafa. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiamu, ambayo harufu yake nondo haipendi. Ndipo wakaona kitu ambacho hawakukitafuta: penye desmodiamu, kiduha hakioti. Baadaye ikajulikana kwamba mizizi yake inatoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha na kingine kinachozizuia kushika mahindi. Zinaamka, zinakosa chakula, zinakufa. Msimu baada ya msimu ile akiba ya mbegu chini inapungua.

Na si hivyo tu. Desmodiamu ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo. Inakatwa ni chakula cha ng'ombe, nepia pia ni chakula cha ng'ombe, ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi shambani. Nepia mlikuwa nayo. Mahindi mlikuwa nayo. Ni mpangilio tu uliobadilika, na ghafla mkulima aliyekuwa akipigana na gugu kila siku anajikuta shamba lenyewe linapigana kwa niaba yake. Kwetu sisi huo ni mfano mzuri kuliko hata wa simu, kwa sababu ufunguo unabaki kijijini.

Lakini tuseme ukweli wote. Msimu wa kwanza ni kazi ngumu. Desmodiamu inaota polepole na inataka palizi ya makini, na mkulima asiyeijua anaing'oa akidhani ni gugu. Mbegu yake ni ghali na mara nyingi haipatikani. Wengi hukata tamaa hapo. Ndiyo maana tunawaambia wenye kikundi, mtu mmoja anunue mbegu kidogo, zikishasambaa mkate vikonyo mgawane, vinashika vizuri mvua ikiwepo. Kitu ambacho ni ghali kwa nyumba moja si ghali kwa nyumba 20.

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa bondeni na mashine yao.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kukaa nao chini ya mwembe. Hatukuanza na mashine. Tuliuliza kila mama: kwako vifaranga wangapi walitotolewa tangu mwaka uanze, na wako wapi? Mmoja akasema 12, wamebaki 2. Mwingine 9, amebaki 1. Mwingine alikuwa na kuku 15 wakubwa, wote wakaondoka kwa wiki moja, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Mnaujua ugonjwa huo, kideri. Ukiingia kijijini hauachi nyumba. Mwewe alitajwa, baridi ikatajwa, lakini daftari lilikuwa wazi: kuku wa bondeni hawakosi kuzaliwa. Wanazaliwa sana. Wanakufa.

Basi mashine ya kutotoa inafungua mlango ambao tayari uko wazi. Italeta vifaranga mia ambao hawana mama wa kuwafunika usiku, ambao wanataka joto na chakula cha kununua, halafu kideri kitawakuta wote chumba kimoja. Kwa mfugaji mwingine, mwenye banda na chanjo na soko, mashine hiyohiyo ni msaada mkubwa. Kwa hawa leo si mapinduzi, wala hata si kuboresha. Kijana hakudanganya kuhusu mashine yake. Hakuuliza tu kizuizi kiko wapi, na wao pia hawakumwambia.

Chanjo ya kideri ipo, ya tone moja kwenye jicho, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ipo aina inayovumilia joto kiasi, haihitaji barafu njia nzima. Kwa nini basi akina mama hawachanji? Tukawauliza. Wakasema chupa moja ni ya kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haikai, na mwenye kuku 8 hawezi kununua chupa amwage. Hapo mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, "Lakini sisi tuko nyumba 22."

Tulinyamaza wote kidogo.

Nyumba 22, siku moja, chupa mbili tatu, mama wawili waliofundishwa na afisa wa mifugo kutia tone, na majirani wasio wanachama wakaribishwe kwa ada ndogo, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayeuleta ugonjwa. Gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya zile Sh. 180,000. Hakuna cha kung'aa hapo, hakuna cha kupigwa picha. Mwenyekiti alionekana kama amevunjika moyo kidogo, tunamwelewa, alikuwa ameshawaahidi watu mashine.

Hawajaamua. Wanapiga kura Jumamosi ijayo, na wale wanne wamekubali kungoja mpaka hapo kabla ya kuchukua hisa zao. Tumewaomba jambo moja tu, kwamba wachanje sasa bila kugusa akiba kubwa, na katibu aandike kila kuku anayezaliwa, anayeuzwa na anayekufa, kwa mwaka mzima. Wakifika siku ambayo vifaranga wanaishi na kuku wa kulalia ndio hawatoshi, watamwita kijana mwenye shati jeupe wenyewe, na watajua bei ya kumwambia.

Tumesema mengi. Mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja desmodiamu. Karibu mama, simama, sema kwa sauti.